Mechi ya Tisa

Kamati ya tuzo ilikuwa na watu watano. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumamosi ile, wawili walikuwa wamesimama na mmoja alikuwa amekwisha kupiga meza mara tatu.

Aliyepiga meza ni Mtangazaji, kijana wa redio aliyetangaza mechi zote za ligi ya mpira wa kikapu msimu mzima, na ambaye alikuwa na sauti kubwa hata akinong'ona.

"Takwimu hazirushi mpira!" alisema. "Watu wanakuja uwanjani kumwona Twiga. Twiga! Sijawahi kuona mtu anaacha chakula mezani, anavaa viatu, anatoka mbio, eti anakwenda kutazama pasi."

"Kaa chini," Karani alisema.

"Dada, nimesimama kwa sababu nina hoja."

"Huna hoja. Una sauti. Kaa."

Walikuwa katika chumba cha vifaa nyuma ya uwanja wa ndani. Mipira ilining'inia kwenye nyavu juu ya vichwa vyao, na ukutani uliegemezwa ubao wa zamani wa alama ambao taa zake zilikuwa zimekwama kwenye tarakimu ya nane. Dirisha lilikuwa moja, la juu, na harufu ya raba na jasho haikuwa na pa kutokea.

Miaka mingine kuchagua mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi kulichukua dakika ishirini na soda moja kwa kila mjumbe. Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Klabu moja ya kulipwa ya nje ilikuwa imeandika barua kwamba itampokea mshindi kwa majaribio ya wiki nane, mradi awe hajatimiza miaka thelathini. Waliobaki kwenye orodha walikuwa wawili, na wote walichezea timu moja, ile ya jezi za kijani. Twiga, namba nne, alikuwa na miaka ishirini na miwili, urefu wa mita mbili na sentimita sita, na pointi nyingi kuliko mtu yeyote. Kinyozi, namba kumi na moja, hakumfikia Twiga begani. Mchana alikata nywele, jioni aliongoza timu. Angetimiza miaka thelathini baada ya miezi minne.

Twiga angekuwa na mwaka ujao, na mwingine baada ya huo. Kinyozi hakuwa na mwingine. Kila mtu pale mezani alilijua hilo na hakuna aliyelitaja, kwa sababu tuzo haikuwa sadaka.

Karani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita. Kazi yake ilikuwa maabara, katika idara ya maji, ambako alipima maji ya mji mzima chupa moja baada ya nyingine. Kwa miaka kumi na moja alikuwa pia ameketi meza ya pembeni mwa uwanja akiandika kila kikapu, kila pasi na kila faulo. Kila Jumatatu alijumlisha na kubandika orodha kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni. Hakuwahi kurekebisha orodha hata moja, na hakuficha kwamba alijivunia hilo.

"Nitarudia taratibu ili kila mtu anifuate," alisema. "Kinyozi amecheza mechi kumi na nne. Kijani wameshinda kumi na mbili. Amekosa mechi nne. Kijani wameshinda ngapi? Sufuri. Twiga alikuwepo zote nne, akafunga pointi zake kama kawaida, na timu ikapigwa zote nne. Sasa niambieni thamani ni nini."

"Bahati mbaya hiyo," Mtangazaji alisema.

"Mara nne mfululizo?"

"Kuna watu bahati mbaya imewaganda, dada. Nitazame mimi, mpaka leo sijaoa."

"Hujaoa kwa sababu ya mdomo," alisema Kocha Mstaafu, mtu wa pili aliyekuwa wima. Goti lake bovu halikumruhusu kukaa sana, na hasira ilikuwa haimruhusu kukaa kabisa. "Mimi nimefundisha mchezo huu miaka thelathini na moja. Twiga ni mrefu. Urefu ni kazi ya mama yake. Kinyozi anacheza."

"Mzee wangu, hata kufunga pointi mia tatu sabini na nane ni kazi ya mama yake?"

"Nani asingefunga akipewa mpira na urefu ule? Mpe hata mlingoti!"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa na duka la matairi na haraka ya kulirudia, aliinua mikono. "Jamani. Tusichafuane. Mimi naona Twiga ndiye sura ya ligi. Hao wa nje wakimwona tu wataelewa. Kinyozi ni mtu mzuri, lakini ukimpeleka kule watadhani tumewatumia kocha."

Mtangazaji aliangua kicheko. Karani hakucheka. Alifungua faili na kutoa karatasi ya majumlisho ambayo alikuwa ameihifadhi kwa wakati kama huu.

"Basi tuseme mechi moja tu," alisema. "Mechi ya tisa. Kijani dhidi ya mabingwa, na kipindi cha kwanza kinakwisha Kijani wako nyuma kwa pointi kumi. Twiga amefunga kumi na tatu, sawa. Kipindi cha pili Twiga amefunga ngapi? Hakuna. Sura yenu ya ligi imezimika kama kibatari. Ni nani aliyeibeba timu kipindi cha pili? Kinyozi. Pointi ishirini na moja, na wakashinda kwa mbili. Mnataka hoja gani tena?"

Mwenyekiti alikuna shingo. Ilionekana wazi kwamba pigo lile limeingia.

"Hiyo siyo kweli," alisema Refa.

Refa alikuwa mjumbe wa tano, fundi wa majokofu mwenye maneno machache. Alikuwa pia mume wa Karani kwa mwaka wa ishirini na mbili. Tangu asubuhi alikuwa hajasema upande wake.

"Samahani?" Karani alisema.

"Mechi ya tisa nilichezesha mimi. Zile ishirini na moja ni za Twiga. Kinyozi siku ile hakucheza."

"Karatasi inasema amecheza."

"Mimi nilikuwa na filimbi, mama watoto. Nilikuwa umbali wa hatua mbili."

"Hapa mimi si mama watoto. Mimi ni karani wa ligi, na nina karatasi."

"Haa!" Mtangazaji alisugua viganja. "Mke na mume wametazama mechi mbili! Shemeji, leo utalala kwa jirani."

"Nyamaza wewe," walisema wote wawili kwa pamoja.

Refa aliegemea mbele. "Siku ile ulikuwepo?"

Hakuwepo. Bomba kuu lilikuwa limepasuka na yeye alishinda kutwa akichukua sampuli mitaani. Meza ilishikwa na msaidizi wake, mwalimu wa jiografia, mtu makini ambaye hati yake ilisomeka kama kitabu kilichochapwa.

"Karatasi ilikuwepo," alisema.

Mwenyekiti alitazama saa. Aliamuru karatasi halisi ya mechi ya tisa iletwe, kikao kiendelee saa nane, na yeyote atakayechelewa, kura itapigwa bila yeye.

Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi. Karani alitangulia mbele hatua tano na hakuzipunguza.

"Ungeweza kuniambia pembeni," alisema bila kugeuka.

"Ungeweza kuniuliza kabla ya kuitaja."

"Nikuulize? Kila Jumatatu niwe nakuamsha, baba watoto, hebu nikumbushe nani alifunga? Miaka kumi na moja, na siku ya kunivua nguo mbele ya yule mpayukaji ndiyo leo."

"Nimesema nilichokiona."

"Umeona mtu mrefu anafunga, basi ni Twiga. Hivyo ndivyo na wao wanavyoona."

Kabati la chuma lilikuwa kwenye ujia wa nyumba, katikati ya majokofu mawili ya wateja yaliyongoja mota mpya. Karani alivuta droo, akapita mechi ya saba, ya nane, akaitoa ya tisa na kuiweka juu ya jokofu.

"Soma."

Refa alisoma. Namba nne: pointi kumi na tatu, zote katika robo ya kwanza na ya pili, kisha safu tupu mpaka mwisho. Namba kumi na moja: mstari mtupu kipindi cha kwanza, kisha alama ya kuingia uwanjani mwanzoni mwa robo ya tatu, kisha vikapu vimepangana kama shanga. Jumla, ishirini na moja. Pasi, moja.

"Pasi moja," Refa alisema. "Kinyozi? Mtu anayetoa pasi tisa kila mechi?"

Karani aliinama. Aliitazama ile tarakimu moja kwa muda ambao mumewe aliona ni mrefu. Namba hiyo aliijumlisha yeye mwenyewe, Jumatatu, kwa kalamu yake, na wakati ule haikumshtua.

Refa aliigeuza karatasi.

Mistari ya nyuma ilikuwa imetengwa kwa maelezo. Karani hakuwahi kuitumia. Maelezo yake aliyaandika mbele, pambizoni, kwa herufi ndogo, ili kila kitu kikae mahali pamoja, na kwa sababu yeye hakuandika nyuma, hakuwa na mazoea ya kutazama nyuma. Mwalimu wa jiografia alifuata fomu ilivyoagiza. Aliandika:

*Robo ya 3, dakika ya 1. Na. 4 amepasuka nyusi, damu imeingia kwenye jezi. Timu haina jezi ya akiba. Amevaa ya Na. 11, mwenyewe hajafika. Refa ameruhusu.*

Na chini yake:

*Robo ya 4, dakika ya 6. Na. 11 mwenyewe amefika. Hana jezi. Refa hajaruhusu aingie.*

Refa aliusoma mstari wa pili mara mbili, kisha akakaa juu ya kreti.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "La, sikusahau. Sikujua kama ina uzito. Mtoto wake alikuwa amelazwa siku ile. Alipoona homa imeshuka akamwacha na bibi yake, akaja mbio. Viatu vya mchezo alikuwa amevishika mkononi. Akasimama mbele yangu na fulana nyeupe, jasho linamtiririka hata kabla hajacheza. Akasema, refa, nipe dakika mbili tu. Nikamwambia bila jezi huingii. Akamtazama Twiga, Twiga akatazama pembeni. Kocha wao naye hakutaka kumtoa Twiga, alikuwa anafunga. Basi akakaa kwenye benchi mpaka mwisho. Na baada ya hapo mtoto akazidiwa, wakakaa hospitali wiki nne."

"Mechi nne," Karani alisema.

"Mechi nne."

"Na hii ni ya tano."

Hapo Refa aliinua macho, kwa sababu na yeye hesabu ilikuwa imemfikia. Mechi za msimu zilikuwa kumi na nane. Kumi na nane ukitoa tano ni kumi na tatu. Na kanuni ya sita ya tuzo ilisema kwamba hatashindanishwa mchezaji ambaye hakuingia uwanjani katika mechi zisizopungua kumi na nne. Kanuni hiyo iliandikwa miaka sita nyuma na Karani, baada ya kikombe kupewa mchezaji mmoja machachari aliyecheza mechi saba tu na kuimba kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wa wakati ule.

"Rudisha karatasi kabatini," Refa alisema.

"Unasema?"

"Rudisha. Nitasimama mbele yao niseme nimekosea. Refa amezeeka, macho yamechoka, amechanganya mechi. Watacheka, wataninunia, watasahau. Mimi na yule kijana wa redio tutamalizana."

"Saa moja iliyopita ulinipinga mbele ya watu."

"Saa moja iliyopita sikujua kwamba namnyonga mtu! Ni mimi niliyemzuia. Mimi, kwa mkono huu. Sasa unataka nimzuie mara ya pili?"

"Ulimzuia kwa haki. Bila jezi haingii. Ungemruhusu ningekuandikia barua."

"Najua ungeniandikia barua! Mtu mwingine angeniletea maji ya kunywa, wewe ungeniletea barua!"

"Kumi na tatu si kumi na nne."

"Na ni nani aliyebandika kumi na nne pale mlangoni, wiki baada ya wiki, kila mtu akaisoma? Ni mimi?"

Karani alisukuma droo kwa nguvu hata mlango wa jokofu la kando ukafunguka wenyewe. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Alijaribu kumpelekea mwalimu wa jiografia, ikarudi, maana mwalimu aliandika kila kitu palipotakiwa. Alijaribu kumpelekea mumewe, naye alifuata sheria. Kinyozi alikwenda kwa mtoto wake. Twiga alivaa jezi aliyopewa. Aliwapitia wote mmoja mmoja kama anavyopitia chupa za sampuli, na uchafu aliukuta kwenye chupa moja tu.

Aliitia karatasi kwenye faili.

"Twende," alisema. "Usije ukachelewa, kura ikapigwa bila wewe."

Saa nane kamili aliiweka karatasi mezani ikiwa imegeuzwa, upande wa nyuma juu, na akaeleza kwa sentensi nne. Twiga alivaa namba kumi na moja. Pointi ishirini na moja ni za Twiga. Kinyozi amecheza mechi kumi na tatu. Kosa la kujumlisha ni langu.

Mtangazaji ndiye aliyeinyakua kwanza. Aliisoma midomo ikicheza, kisha uso wake ukang'aa.

"Kumi na tatu! Kanuni ya sita, kumi na nne! Jamani, hesabu ni hesabu. Hapa hakuna mjadala tena."

"Asubuhi takwimu zilikuwa hazirushi mpira," Karani alisema.

"Asubuhi nilikuwa sijazisoma vizuri."

"Hujazisoma hata sasa. Isome yote. Soma robo ya nne."

"Robo ya nne inanihusu nini? Kumi na tatu, dada! Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kupenda namba."

Kama Karani angekuwa na mpira mkononi angemrushia. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kuwashikisha wale watu ukweli mmoja wakaukataa, na sasa walikuwa wameudaka wa pili kabla haujagusa meza, kwa sababu huu uliwafaa. Mwenyekiti alikuwa tayari amefunika kalamu yake.

"Subirini," alisema Kocha Mstaafu. Aliichukua karatasi, akaivuta mbali na macho, akasoma. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa wanaomjua hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Alifika. Imeandikwa hapa, alifika. Alikuja na miguu yake, yuko tayari, na jezi yake iko mwilini mwa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine ndiye mnayetaka kumpa kikombe? Jezi avae yeye, pointi apate yeye, na safari aende yeye?"

"Kocha, kanuni—" Mwenyekiti alianza.

"Kanuni ya kumi na mbili inasema penye utata kamati itatafsiri. Tutafsiri! Aliyefika akazuiwa kwa sababu jezi yake amevaa mwenzake, huyo amecheza. Kwisha." Alimgeukia Karani. "Binti yangu. Sema neno moja tu. Sema pana utata. Mimi nitainua mkono, mumeo atainua, wewe utainua. Tatu kwa mbili, na yule bwana mdogo atapanda ndege."

Karani alimtazama mumewe. Mkono wa Refa ulikuwa umekwisha kutoka mezani, umesimama hewani katikati, ukingoja.

Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Alikuwa amepiga hesabu mpya njiani, kwa kichwa. Kinyozi akiwepo, mechi kumi na tatu, ushindi kumi na moja. Akiwa hayupo, mechi tano, ushindi mmoja. Pasi zake kwa kila mechi zilikuwa zimepanda badala ya kushuka.

"Huyo ndiye mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi hii," alisema. "Nilisema asubuhi, na hesabu sahihi inasema hivyo hivyo. Anayebisha ajifunze kutoa na kujumlisha. Lakini kanuni haikusema aliyefika. Imesema aliyeingia uwanjani. Niliandika mimi, najua nilichokusudia. Hapana utata."

Mkono wa Refa ulirudi mezani.

"Moyo wako umeuacha maabara," Kocha Mstaafu alisema. "Umeufungia kwenye chupa." Alitoka akichechemea, kiti chake kikaanguka nyuma yake na hakuna aliyekiinua.

Kura haikuchukua dakika moja. Jina lililobaki lilikuwa moja. Mtangazaji aliinua mkono akiwa tayari anatafuta namba ya redio kwenye simu, Mwenyekiti akainua, Refa akainua macho yakiwa sakafuni. Karani aliinua wa mwisho na kuandika matokeo.

"Sasa nani atamwambia Kinyozi?" Mwenyekiti aliuliza. "Mimi ningeenda, ila nina lori linaningoja kubadilishwa tairi sita."

"Mimi ni mtu wa habari," Mtangazaji alisema. "Nikienda itakuwa habari."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Karani.

Kinyozi alikuwa na duka la vioo vitatu na viti viwili. Saa kumi jioni ya Jumamosi benchi la wateja lilikuwa limejaa. Alikuwa amechomeka kitana sikioni, mashine ikiunguruma kwenye kisogo cha mteja mnene, na alipomwona Karani mlangoni alimwona kwanza kwenye kioo.

"Dada Karani! Karibu. Kwa uso huo, ama maji ya mji yameingia mdudu, ama nimekuwa mchezaji bora."

Wateja walicheka.

"Naomba tuzungumze nje," alisema.

Mashine ilizimika. Kinyozi hakugeuka. "Nina kichwa cha mtu hapa nusu. Sema tu, hawa ni watu wangu."

Basi Karani alisema pale pale, amesimama kwenye nywele za watu, kwa mpangilio ule ule alioutumia mezani. Kanuni ya sita. Mechi ya tisa. Jezi. Kumi na tatu. Tuzo imekwenda kwa Twiga. Alimaliza kwa kusema kwamba hesabu zinaonyesha yeye ndiye aliyestahili, na kwamba alitaka alisikie hilo kutoka kwake.

"Nilistahili," Kinyozi alirudia.

"Ndiyo."

"Na wewe ulimpigia kura nani?"

"Twiga. Ndiye peke yake aliyekuwa na sifa."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi alisonya kwa sauti ndefu. Kinyozi alimnyamazisha kwa mkono.

"Kocha Mstaafu amenipigia simu," alisema. "Amenieleza. Amesema ulikuwa na neno moja la kusema, ukalikalia. Nikamwambia mzee, haiwezekani, umemsikia vibaya. Nimemtetea, unasikia? Nimekutetea hapa hapa, mbele ya kioo hiki, dakika ishirini zilizopita."

"Hakunisikia vibaya. Lakini na wewe hebu nijibu." Hasira ya kutwa nzima ilikuwa imempanda, na alijua kwamba hapa si mahali pake, akaiachia hata hivyo. "Orodha ilikuwa mlangoni. Kila Jumatatu. Mechi kumi na nne. Ulijua hukucheza. Uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema? Wiki zote hizo! Ungesema, ningerekebisha siku ile ile, na ungejua mapema huna—"

"Nilidhani mmenihesabia."

"Nini?"

Kinyozi sasa aligeuka. Mashine ilikuwa bado mkononi, waya wake umejizungusha kwenye kiwiko. "Nilidhani mmekaa, mkasema, huyu mtu katoka hospitali mbio, mtoto kamwacha kitandani, kafika, jezi yake kavaa mwenziwe, tumhesabie hii moja. Siku nilipoiona nilimwambia mke wangu. Nikamwambia, unamjua yule Karani mkali, yule asiyecheka? Kumbe ni mtu. Sikutaka kuja kushukuru, nisije nikakuharibia kwa wenzako. Nikanyamaza. Kumbe lilikuwa kosa."

Feni ya ukutani ilizunguka. Mteja mnene, nusu ya kichwa chake kikiwa kimenyolewa, alikuwa amefumba macho kama mtu aliyelala.

"Ndiyo," Karani alisema. "Lilikuwa kosa."

Alisubiri. Hakujua anasubiri nini, hakuwa na karatasi nyingine ya kutoa.

Kinyozi aliwasha mashine na kumaliza ile nusu iliyobaki, polepole, bila kuruka hata unywele mmoja, huku Karani amesimama pale pale na benchi zima linamtazama. Kisha alimfungua mteja kile kitambaa shingoni, akakikung'uta kwa nguvu mara mbili, nywele zikaruka zikatua kwenye sketi na viatu vya Karani.

"Anayefuata!" alisema.

Mtu aliyekuwa karibu na mlango aliinuka, na ili apite, ilibidi Karani atoke nje.